SERIKALI INAPOLIA KWAMBA KIFUNGO NI KIDOGO

Mtu aliyefungwa akikata rufani hakuna amshangaaye. Kaona kaonewa, au kaona adhabu imemzidi kimo, naye anakwenda kwa majaji wakubwa kuomba apunguziwe. Hilo tumelizoea. Lakini Serikali yenyewe, yenye polisi, yenye gereza na yenye funguo za gereza, inapokwenda mbele ya majaji wale wale kulalamika kwamba mtu amefungwa miaka michache mno, wengi wetu hushtuka na kuuliza: aliyeshinda kesi analilia nini tena?

Swali hilo si la mawakili peke yao. Latuhusu sisi wananchi, na katika kesi za ugaidi latuhusu kuliko katika kesi nyingine yo yote. Nchi zetu zimepigwa. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 waliuawa kwa mabomu. Mwaka 2013 pale Westgate wakafa watu 67. Tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa wakauawa 148, wengi wao vijana waliokwenda kutafuta elimu. Kesi ya Garissa ilipokwisha mwaka 2019, mtu mmoja alipewa kifungo cha maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Ya Westgate ilipokwisha mwaka 2020, mmoja alipata miaka 33 na wa pili 18. Mzazi aliyezika mtoto wake akisikia hiyo miaka 18, huhesabu kwa vidole na kujua kwamba aliyefungwa atarudi kwao, na mwanawe hatarudi kamwe.

Hasira ya mzazi huyo ni ya haki, na gazeti hili halitamwambia anyamaze. Lakini hasira haiwezi kupewa kiti cha jaji. Kati ya machozi ya mzazi na kalamu ya jaji pana mtu mmoja anayelipwa mshahara kwa fedha zetu, naye ni mshitaki wa Serikali. Huyo ndiye tunayetaka kumtazama leo.

Wako ndugu wasemao kwamba mshitaki asiwe na ruhusa kabisa ya kulalamikia adhabu. Jaji akisema, basi imekwisha. Wako na wengine wasemao kwamba gaidi hana haki yo yote, na kila kifungo kisichokuwa cha maisha kirudishwe mahakamani hata mara kumi. Sisi hatumo katika safu ya hawa wala ya wale. Twasema mshitaki apewe mlango huo, lakini uwe mlango mwembamba, nasi wananchi tuwe tunamwona anapoingia na anapotoka.

Tutazame kesi moja ya Marekani, kwa kuwa ndani yake mema na mabaya ya rufani ya namna hii yamekaa pamoja. Tarehe 14 Desemba 1999, Ahmed Ressam, mtu wa Algeria, alishuka kutoka kwenye kivuko kilichotoka Kanada, katika mji mdogo wa Port Angeles, akiendesha gari la kukodi. Ofisa wa forodha, mama mmoja mwenye macho makali, alimwona hatulii. Gari likafunguliwa nyuma, na pale panapowekwa gurudumu la akiba pakakutwa vitu vya kutengenezea bomu. Ressam akatimua mbio, akakamatwa. Ikajulikana kwamba alikusudia kuulipua uwanja wa ndege wa Los Angeles wakati dunia ikingoja mwaka 2000 uingie. Aprili 2001 alitiwa hatiani kwa makosa yote 9.

Alipoona uzee wote utamkuta gerezani, akaamua kusema. Akasema sana. Aliwapa wapelelezi saa zaidi ya 200 za mahojiano, akatoa ushahidi mahakamani juu ya wenzake, akataja majina ya watu wapatao 150. Habari zake zilisaidia hata katika mambo ya Richard Reid, yule Mwingereza aliyekamatwa ndani ya ndege Desemba 2001 akiwa na baruti kwenye kiatu. Kisha, kufika mwaka 2003, akafunga kinywa. Wapo waliosema upweke wa gereza ulimvunja akili. Wapo waliosema amegeuka tu. Sababu iwayo yote, mashitaka ya watu wawili yaliyotegemea ulimi wake yakaanguka.

Basi mwaka 2005 alisimama mbele ya Jaji John Coughenour kule Seattle. Mwongozo wa adhabu ulisema miaka 65 mpaka maisha. Mshitaki aliomba 35. Jaji akatoa 22. Tena akatumia nafasi hiyo kusema wazi kwamba mahakama za kawaida zimetosha kumhukumu mtu wa namna hii bila baraza la siri na bila kumweka mtu kizuizini pasipo mwisho. Tukumbuke wakati wenyewe: ilikuwa miaka ya Guantánamo. Kwa neno hilo twamheshimu jaji yule hata leo, na walio wengi katika nchi yake hawakuwa na ujasiri wa kulisema.

Serikali ikakata rufani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani kwa jambo jingine la sheria, ikashuka tena. Mwaka 2008 Ressam akarudi kwa jaji yule yule, na safari hii akasema anayakana yote aliyowaambia wapelelezi. Mshitaki sasa akaomba kifungo cha maisha. Jaji akatoa miaka 22, ile ile. Rufani tena. Mwaka 2010 majaji watatu wakagawanyika, wawili kwa mmoja, wakisema adhabu haifai. Mwaka 2012 wakaketi majaji 11, na saba kati yao wakasema kwamba miaka 22 kwa kosa kama lile haiingii akilini, wanne wakakataa. Oktoba 2012 jaji yule yule akampa miaka 37. Mshitaki alikuwa bado ameomba maisha. Hakuyapata.

Ndugu msomaji, itazame vizuri kesi hiyo kabla hujachagua upande. Mshitaki alikuwa na haki? Sisi twaona alikuwa na haki katika jambo moja kubwa: mapatano yalikuwa ni kwamba mtu aseme ili apunguziwe, naye alisema nusu ya njia, kisha akayavunja, na kwa kuvunja kwake watu wawili hawakuhukumiwa. Mchuuzi aliyepokea bei kamili akatoa nusu ya gunia hawezi kudai shukrani ya gunia zima. Jaji alilipima lile alilotoa, akasahau alilolichukua tena. Lakini mshitaki naye atazamwe. Mwaka 2005 alisema 35 zatosha. Mwaka 2008 zikawa hazitoshi, yataka maisha. Mwamba ngoma huvuta kwake. Ni kweli mtu yule aliyakana maneno yake katikati ya hapo, lakini maneno mengi alikuwa amekwisha kuyatoa, na wenzake walikwisha kufungwa kwayo. Kama Serikali itakuwa na desturi ya kunyonya ushahidi wa mtu mpaka ukauke kisha kumwombea kifungo cha maisha, nani wa kesho atakayekubali kusema? Na katika vita hivi, mmoja aliyesema ana thamani kuliko wengi walionyamaza.

Tena kuna hili la muda. Kutoka siku aliyokamatwa mpaka siku alipojua kwa hakika atafungwa miaka mingapi, ilipita miaka karibu 13. Hilo si jambo la kujivunia kwa mahakama yo yote.

Sasa njoo Ujerumani, na hapa hatuna maneno mengi kwa sababu jambo lenyewe lazuia maneno. Mwanamke wa Kijerumani, Jennifer Wenisch, alikwenda Irak kujiunga na kundi lile lililojiita Dola ya Kiislamu. Mwaka 2015, katika mji wa Fallujah, yeye na mumewe walikuwa na mtumwa mwanamke wa kabila la Yazidi pamoja na mtoto wake wa kike wa miaka 5. Mume akamfunga mtoto yule nje, kwenye jua kali, mpaka akafa kwa kiu. Mke alikuwapo, hakufanya neno. Oktoba 2021 mahakama ya Munich ilimpa miaka 10. Wale majaji waliona kwamba sehemu yake ilikuwa ya namna nyepesi ndani ya kosa kubwa. Mshitaki wa Shirikisho akakata rufani. Mahakama ya juu ikasema majaji wale waliacha kupima mambo yaliyopasa kupimwa, ikalirudisha shauri la adhabu Munich. Agosti 2023 miaka ikawa 14.

Ukiwa wewe ni mmoja wa wanaosema mshitaki asikate rufani kamwe, utuambie basi: mtoto yule angesemewa na nani? Mfungwa ana wakili, ana ndugu, ana kinywa chake mwenyewe. Aliyekufa hana. Ndiyo maana tumesema mlango uwepo.

Uingereza wameuwekea mlango huo ukomo. Huko si kila mshitaki awezaye kwenda. Ni Mwanasheria Mkuu, naye ana siku 28 tu tangu hukumu, zikipita zimepita. Mwananchi ye yote aweza kumwandikia barua kumwomba alitazame shauri. Mwaka 2017 makosa mengi ya ugaidi yaliongezwa katika orodha ya yale yanayoweza kurudishwa kwa njia hiyo. Na huko ndiko kulikotokea kisa cha Ben John, mwanafunzi wa miaka 21 mwaka 2021, aliyekutwa na maandishi ya kufundisha utengenezaji wa mabomu pamoja na lundo la maandishi ya chuki ya rangi. Jaji wa Leicester akampa miaka miwili ya kifungo cha nje, akamwambia aende akasome vitabu vya Dickens, Jane Austen na Shakespeare, kisha arudi aulizwe. Januari 2022 Mahakama ya Rufani ikaifuta nje ile, ikampeleka ndani kwa miaka ile ile miwili.

Hatuna ugomvi na Dickens. Tena kijana kusoma ni bora kuliko kijana kuoza gerezani. Lakini twauliza swali ambalo Waingereza wenyewe waliliuliza: kijana yule angekuwa Mohamed, mtoto wa wahamiaji, angepewa Shakespeare? Adhabu ikiwa nyepesi kwa mmoja kwa sababu jaji anamwona kama mtoto wa jirani, rufani ya Serikali ndiyo inayoweza kuirudisha mizani. Hii ni sababu ambayo haitajwi sana, nasi twaiona ni nzito kuliko zote, kwa kuwa mizani iliyopinda tunaijua.

Tunaijua toka Kapenguria. Aprili 1953 Bwana Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu, na hakimu aliyechaguliwa na Serikali ile ile iliyoshitaki. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Kenya ilisema hakimu yule hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ile mahali pale. Serikali ya kikoloni haikulala. Ilipanda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ikashinda. Na Bwana Achieng Oneko, mmoja wa wale sita, rufani yake ilipokubaliwa mwaka 1954 na hatia yake ikafutwa, hakuona uhuru. Aliwekwa kizuizini miaka mingi baada ya mahakama kumsafisha. Katika Hali ya Hatari ile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, na neno lililoandikwa juu yao katika magazeti ya wakubwa lilikuwa hili hili moja: magaidi.

Hatusemi kwamba waliolipua Nairobi ni sawa na waliopigania ardhi yao. La hasha, na mtu akituletea mfano huo tutamfukuza mlangoni. Twasema tu kwamba neno gaidi ni chapa, na chapa hufuata mkono ulioishika. Wala hilo halikwisha na ukoloni. Tanzania, Julai 2021, Bwana Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alikamatwa na kushitakiwa kwa mambo ya ugaidi. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashitaka akayaondoa mashitaka yote. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka na miaka kwa mashitaka ya ugaidi bila kesi kufika mwisho, mpaka Juni 2021 mashitaka yalipoondolewa nao. Watu hao hawakufungwa hata siku moja kwa hukumu, na bado walikaa ndani. Mshitaki mwenye mkono mrefu namna hiyo kabla ya hukumu, ukimwongezea mkono mwingine baada ya hukumu, lazima umfunge kengele.

Kenya walionyesha mwaka 2019 kwamba jambo hili laweza kufanywa kwa utaratibu. Wairani wawili walikamatwa mwaka 2012, na Mombasa zikakutwa kilo 15 za baruti kali. Mwaka 2013 walipewa kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ikapunguza mwaka 2016 ikawa miaka 15. Januari 2018 Mahakama ya Rufani ikawaachia kabisa, kwa kuwa ushahidi uliowatia hatiani haukuwaridhisha majaji. Mkurugenzi wa Mashitaka akaenda Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2019 ikarudisha ile miaka 15. Hiyo ilikuwa rufani juu ya kuachiwa, wala si juu ya uchache wa miaka, na mambo haya mawili yasichanganywe. Lakini tazama: kila hatua ilikuwa wazi, majaji waliandika sababu zao, na ile miaka 15 iliyorudi haikugeuzwa kuwa maisha kwa sababu mtu fulani mkubwa amekasirika. Kinyume chake tumeona mara nyingi: hukumu inatoka asubuhi, mchana waziri anasimama jukwaani kumtukana jaji, jioni mshitaki anatangaza rufani. Hapo hata kama rufani ni ya haki, imekwisha kutiwa najisi. Waziri anayetaka kifungo kirefu apeleke mswada Bungeni, tuujadili, nasi tutasema letu.

Basi wanachama wetu watakapoulizwa mitaani chama kinasema nini juu ya jambo hili, wajibu hivi. Mshitaki aende kwenye rufani mara moja, wala si tena na tena kama kule Seattle. Aende kwa sababu jaji alikosea kupima, wala si kwa sababu gazeti lilipiga kelele. Alichoomba siku ya kwanza ndicho kiwe kikomo chake siku ya pili, isipokuwa mfungwa mwenyewe amevunja mapatano. Sababu zake aziandike kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani mwa mahakama, ili mzazi wa Garissa na mama wa mfungwa wazisome wote wawili pasipo mkalimani. Na mfungwa maskini apewe wakili kwa rufani hiyo kwa gharama ya Serikali, maana ndiyo iliyomwita arudi kizimbani.

Na liko moja ambalo hatutaliacha. Mshitaki atakayesimama mbele ya majaji kusema kwamba miaka 18 ni michache, aanze kwanza kuwasomea ni siku ngapi mtu huyo alikaa mahabusu akingoja kesi isikilizwe, na katika siku hizo ni ngapi zilizopotea kwa sababu mshitaki mwenyewe alisimama akasema upelelezi haujakamilika.